Maiki ya kola inasikika kwenye simu, kwenye rekoda inanyamaza: ni umeme au ni plagi?

#1 Kijukuu wa Machame

Wakuu, habari za jioni.

Nina babu yangu Machame. Umri umekwenda, na pale kitongojini ndiye aliyebaki anayejua mfongo wetu, ule mfereji wa maji, ulichimbwa na akina nani, zamu za maji zilipangwaje, na aliyekosa kwenda kuzibua alitozwa nini. Nimeanza kumrekodi kila Jumapili akitoka kanisani.

Natumia rekoda ndogo ya mkononi, ya betri mbili nyembamba, yenye tundu moja la milimita 3.5 lililoandikwa MIC/LINE. Maiki zake za juu ni nzuri ila zinazoa kila kitu: kuku, mvua kwenye bati, redio ya jirani. Nikanunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ile ya waya mrefu, pale mjini Moshi karibu na stendi.

Kwenye simu inasikika safi kabisa. Kwenye rekoda, nikiizamisha hadi mwisho ni kimya, nasikia shiii tu. Nikiivuta nje kidogo, kama unene wa ukucha, sauti inakuja ghafla, halafu inakwaruza na kupotea. Jumapili iliyopita nilirekodi dakika 50 huku nimeishikilia kwa kidole. Nilipofika nyumbani nikakuta karibu nusu ya mazungumzo hayapo. Pale babu alipotaja majina ya waliochimba, patupu.

Muuzaji ananiambia rekoda yangu haina nguvu ya kuendesha maiki ya nje. Ni kweli? Niongeze kitu gani? Babu siwezi kumrudisha nyuma kila wiki, anachoka.

#2 Mpiga Picha wa Sakina

Tazama plagi ya maiki. Ile michirizi myeusi ni miwili au mitatu?

#3 Kijukuu wa Machame

Mitatu.

#4 Mpiga Picha wa Sakina

Basi jibu umeshalipata. Hiyo ni plagi ya simu. Ya simu ina sehemu nne: ncha, pete, pete, shina. Tundu la rekoda linategemea sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi. Kwenye plagi za simu za siku hizi sauti ya maiki iko kwenye shina, na ardhi iko kwenye pete ya pili. Ukiizamisha kwenye rekoda, sauti yako unaitia shoti kwenye ardhi. Ukiivuta kidogo, pete zinahama, sehemu moja inagusa mahali ambapo haikukusudiwa, ndiyo hiyo sauti ya ghafla.

Dawa ni adapta fupi, upande mmoja inapokea plagi ya sehemu nne, upande wa pili inatoa tatu. Kampuni ya Rode wanayo, wanaiita SC3. Usichukue SC4, hiyo ni ya kinyume, ya kuingiza maiki ya kamera kwenye simu. Arusha mjini nimeshaona nyingine za bei nafuu zinafanya kazi hiyo hiyo. Nilipoteza viapo vya harusi moja kwa kosa hili hili, bibi harusi anaonekana anatikisa midomo tu. Mpaka leo nikimwona mama yake nabadilisha upande wa barabara.

#5 Fundi wa Mbuyuni

Mpiga Picha yuko sahihi kuhusu plagi. Lakini na muuzaji tusimtupe moja kwa moja, maana jambo la umeme lipo.

Kijana, ndani ya hiyo maiki kuna kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi. Kinaitwa elektreti. Watafiti wawili wa maabara za Bell kule Marekani, Gerhard Sessler na James West, ndio walioipata mwaka 1962. Utando wake una chaji iliyogandishwa humo tangu kiwandani, kwa hiyo utando wenyewe hauombi umeme. Anayeomba umeme ni transista ndogo iliyofichwa ndani ya kidonge hicho hicho. Kazi yake ni kuuchukua mtetemo dhaifu kabisa wa utando na kuupa nguvu ya kusafiri kwenye waya. Isipopata umeme, maiki ni kipande cha bati.

Simu huutoa umeme huo bila kukuuliza. Rekoda nyingi ndogo nazo hutoa, kwa kawaida kama volti 2.5, Zoom H1n ni mojawapo. Umeme unapita kwenye waya ule ule unaoleta sauti, unaenda huku sauti inarudi. Ila kwenye rekoda nyingi umezimwa mpaka uuwashe mwenyewe, kwa sababu tundu hilo hilo linapokea pia sauti iliyokwisha kukuzwa (ndiyo hiyo LINE) kutoka kwenye mikseri. Ingia kwenye menyu, upande wa ingizo, tafuta mahali palipoandikwa umeme wa maiki au plagini pawa. Uniambie umekuta nini.

#6 Kijukuu wa Machame

Shikamoo fundi. Nimeangalia, ulikuwa umezimwa. Nimeuwasha sasa hivi. Ikizama bado kimya, nikiivuta kidogo sauti inakuja, tena kubwa kuliko mwanzo.

#7 Dada wa Njiro

Ngojeni kidogo. Kama umeme ulikuwa umezimwa, ile sauti uliyokuwa unaipata kwa kuivuta Jumapili ilitoka wapi? Fundi amesema bila umeme ni kipande cha bati.

#8 Fundi wa Mbuyuni

Marahaba. Dada wa Njiro, hapo umenikamata vizuri. Kijana, kwenye huo waya hakuna kikasha katikati?

#9 Kijukuu wa Machame

Kipo. Cha mviringo, kina swichi yenye sehemu mbili, upande mmoja picha ya simu na upande wa pili picha ya kamera. Nilidhani ni cha urembo. Nimekifungua sasa hivi, ndani kuna betri ya kitufe kama ya saa.

#10 Mpiga Picha wa Sakina

Ungeanza na hiyo! Ni mfano wa Boya BY-M1. Ile ya Boya yenyewe ina waya wa mita 6 na betri ya LR44, volti 1.5. Ukiweka swichi upande wa simu, simu ndiyo inalisha. Ukiweka upande wa kamera, betri ndiyo inalisha. Wewe uliiacha upande wa kamera, kwa hiyo Jumapili betri ndiyo ilikuwa inafanya kazi. Nayo ikichoka haikuagi, sauti inafifia taratibu na kuanza kukwaruza. Badilisha betri kwanza.

#11 Kirombo Asilia

Wamachame ninyi hata maiki mnaikagua kama mnanunua kahawa, punje moja moja. Kaka, babu akifika kwenye majina ya waliohamia Rombo naomba nakala, hapo sitanii.

#12 Volti48

Wadau, mbona mnamzungusha kijana? Hizi maiki ndogo na volti 2.5 ni kupoteza muda. Atafute rekoda yenye tundu kubwa la XLR, mfano Zoom H5, hiyo inatoa volti 12, 24 au 48. Anunue adapta ya kutoka 3.5 kwenda XLR, anawasha 48, maiki inapata nguvu ya kutosha, sauti inanenepa. Studio zote kubwa ni 48. Ni kiwango cha dunia tangu kampuni ya maiki ya Neumann walipowatengenezea redio ya Norwei mwaka 1966.

#13 Fundi wa Mbuyuni

Volti48, historia uko sawa, lakini ushauri wako utamuulia maiki. Tupige hesabu hapa mbele ya watu.

Umeme wa fantomu, yaani hizo volti 48 zinazotumwa kwenye waya wa maiki, unapita kwenye rezista za ohmu 6,800 kila mguu. Transista ya kidonge inavuta takribani miliampia 0.4. Zidisha: 6,800 mara 0.0004 ni kama volti 2.7. Yaani rezista inakula volti 2.7 tu, na zile 45 zilizobaki zinamwangukia transista ambaye kwa kawaida mwisho wake ni 10 hivi. Nishafungua maiki za namna hii mezani kwangu. Kwa macho huoni kitu, hakuna moshi wala alama, ila haitakuja kuongea tena.

Adapta za kushusha zipo. Rode VXLR yenye alama ya kujumlisha inapokea fantomu na kutoa volti chache zinazofaa maiki ndogo. Ile VXLR isiyo na alama ya kujumlisha haishushi kitu. Kwa macho zinafanana sana, na alama hiyo ni ndogo.

#14 Volti48

Mimi nimetumia adapta ya kawaida mwaka mzima kanisani na maiki bado iko hai.

#15 Fundi wa Mbuyuni

Inawezekana mikseri ya kanisa fantomu yake ilikuwa imezimwa na maiki ilikuwa na betri yake. Au ina kinga ndani. Ilete Mbuyuni tuipime, bure.

#16 Msikiza Ndege

Nawasalimu kutoka Usa River. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni, na kwa muda wangu narekodi sauti za porini, hasa mbega kule Momela. Mbega wanaanza kunguruma kabla hakujapambazuka, kundi moja linaanza, la bonde la pili linajibu. Ukiwa na maiki mbili ndogo nzuri umezifunga pande mbili za mti, ukasikiliza kwa visikilizio, unasikia jinsi jibu linavyotoka mbali upande wa kulia na kurudi.

Natumia vidonge vya Primo EM272, nimechomea mwenyewe kwenye waya, kimoja kwenye ncha na kingine kwenye pete, ardhi moja. Nimevilisha na umeme wa tundu la rekoda tu, bila kikasha chochote, na vimekaa mtini usiku kucha. Vidonge hivi havili umeme mwingi, betri za rekoda zinaisha kwa sababu ya rekoda yenyewe. Kwa hiyo anayesema volti 2.5 ni kupoteza muda aje asikilize.

Ila namwongezea Kijukuu sababu nyingine ya mkwaruzo ambayo hamjaigusa: unyevu. Machame wakati wa masika ukungu unaingia hadi ndani. Elektreti ikipata unyevu inatoa milio ya pa, pa, kama chumvi kwenye kaango la moto. Nilishapoteza alfajiri mbili hivyo. Siku hizi nazihifadhi kwenye kopo la mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

#17 Dada wa Njiro

Mchele je? Mama yangu simu ikilowa anaifukia kwenye mchele.

#18 Msikiza Ndege

Hapana dada. Vumbi la mchele linaingia kwenye kitundu cha maiki, na kitundu chenyewe ni milimita moja au mbili. Vipakiti ni salama zaidi.

#19 Dada wa Njiro

Nimekuelewa. Basi nami niongeze langu, maana nimehangaika sana na vipindi ninavyorekodi nyumbani. Mkwaruzo wangu ulikuwa ti-ti-ti-ti, bzzzz, kila baada ya dakika chache. Nikabadilisha maiki, nikabadilisha rekoda. Kumbe ni simu yangu iliyokuwa mezani, ikitafuta mtandao inaingia kwenye waya wa maiki. Waya mrefu ni antena. Nikaipeleka simu chumba cha pili, ikakoma.

Na kuna mvumo mwingine wa chini, vuuu, unakuja rekoda ikiwa kwenye chaja ya ukutani. Chomoa chaja, tumia betri au pawabanki, unaondoka. Huo ni umeme wa nyumbani, mizunguko 50 kwa sekunde.

#20 Fundi wa Mbuyuni

Sawa kabisa. Wa simu unapunguzwa pia kwa kapasita ndogo ya pikofaradi 33 ikichomewa pale pale kwenye miguu ya kidonge. Sio mwisho wa waya, ni kwenye kidonge chenyewe.

#21 Kijukuu wa Machame

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa shamba.

Nimepata adapta Arusha, elfu 8. Nimeweka betri mpya ya kitufe. Jumapili nimerekodi saa nzima na dakika 10, plagi imezama mpaka mwisho, hakuna kushikilia. Sauti ya babu ipo! Majina ameyarudia mwenyewe bila kuombwa, maana alifika mama mmoja mgeni akamuuliza. Aikaa sana wote, yaani asanteni.

Yamebaki mawili. La kwanza, sauti iko kushoto tu, kulia kimya. La pili ndilo linaloniumiza: babu akicheka, sauti inapasuka. Akiongea kawaida ni safi, akicheka au akiita mtu nje, inakatika kwa ukali, unaweza kudhani spika imechanika. Na babu anacheka sana akifika kwenye habari za wizi wa maji usiku.

#22 Mpiga Picha wa Sakina

La kushoto sio tatizo. Maiki yako ni moja, imepelekwa kwenye ncha. Weka rekoda kwenye mono, au ukihariri nakili kushoto kwenda kulia.

La kupasuka ni geini, kile kiwango cha kukuza sauti. Umeweka ngapi? Shusha. Akiongea kawaida, mshale usivuke desibeli -18 hadi -12.

#23 Tarumbeta

Nakataa kwa heshima. Tatizo hili nalijua kwa undani, narekodi vikundi vya tarumbeta na ngoma kwenye harusi za Moshi. Nilishusha geini hadi karibu na sifuri, bado kupasuka kupo, ila kumekuwa kwa sauti ndogo tu. Kinachopasuka ni kidonge chenyewe kabla sauti haijafika kwenye rekoda. Kidonge kikilishwa volti kidogo hakina nafasi ya kuyumba. Yeye ana betri ya volti 1.5, sauti kubwa inataka kuyumba zaidi ya hapo, inagonga dari.

Kuna njia ya kuhakikisha. Fungua faili kwenye kompyuta, kuza pale babu anapocheka uone mawimbi. Kama vilele vimekatwa bapa na viko juu kabisa kwenye sifuri ya kipimo cha sauti, ambayo ndiyo dari ya rekoda, ni rekoda. Kama vimekatwa bapa lakini viko chini ya sifuri, ni maiki.

#24 Kijukuu wa Machame

Nimefungua. Vimekatwa bapa, hasa upande wa juu, chini vimebaki na umbo la mlima. Na viko kwenye -9.

#25 Tarumbeta

Umeona?

#26 Volti48

Hiyo haitoshi kuthibitisha. Ndani ya rekoda kuna hatua mbili, priampu inayokuza sauti ya maiki, halafu kigeuzi cha kidijitali. Rekoda nyingine ndogo ile namba ya geini kwenye kioo inapunguza baada ya priampu. Priampu inaweza kugonga dari, halafu inashushwa, wewe unaona -9 unadhani ni maiki. Nimeshakutana nayo.

#27 Tarumbeta

Bapa upande mmoja tu? Priampu ingekata juu na chini.

#28 Volti48

Sio lazima.

#29 Msikiza Ndege

Kwa uzoefu wangu wote mna hoja, ila jaribio rahisi ni kuondoa betri ya kitufe kwenye hesabu. Weka swichi upande wa simu, washa umeme wa rekoda, 2.5 badala ya 1.5, usikie kama kicheko kinapata nafasi. Na asilishe vyote viwili kwa pamoja. Mpaka sasa ana betri ya kikasha na umeme wa rekoda umewashwa, sio?

#30 Kijukuu wa Machame

Ndiyo, vyote viliwaka.

#31 Fundi wa Mbuyuni

Hapo tena tumepata mtuhumiwa wa tatu. Vikasha vya bei ya chini vingine havina kapasita ya kuzuia, umeme wa rekoda unaingia kinyumenyume kwenye betri na kuivuruga transista. Kimoja kizimwe.

Na Tarumbeta, kwa kuwa wewe unarekodi vitu vya kishindo, na kijana akipenda, ngoja niwaeleze kikasha cha volti 9. Ni kazi ya jioni moja kwa aliyeshika pasi ya kuchomea.

Chukua ile betri ya mraba ya volti 9. Chanya yake ipeleke kwenye rezista ya kilo-ohmu 2.2. Upande wa pili wa rezista uunge na waya wa sauti wa maiki. Kutoka hapo hapo kwenye kiungo, weka kapasita, mguu wake wa chanya uelekee maiki, mguu wa pili uende kwenye ncha ya plagi inayoingia rekoda. Hasi ya betri, ardhi ya maiki na shina la plagi vyote viungwe pamoja. Umeme wa rekoda uzime. Kwa miliampia 0.4 rezista inakula kama volti 0.9, kidonge kinabaki na 8 na kitu, chini ya 10. Betri yenyewe utaisahau, itakwenda zaidi ya saa 1,000 za kazi.

Kapasita inazuia volti zisiingie kwenye rekoda, inapitisha sauti tu.

#32 Tarumbeta

Nilitengeneza kikasha cha namna hii mwaka jana nikaweka kapasita ya maikrofaradi 0.1, ndiyo niliyokuwa nayo. Kupasuka kuliisha kabisa. Lakini ngoma kubwa zikawa kama zinapigwa kwenye kopo la maziwa. Nikadhani volti 9 inaondoa besi.

#33 Fundi wa Mbuyuni

Volti haihusiki na besi. Ni hiyo 0.1. Tundu la rekoda likiwa na kilo-ohmu 10 hivi, kapasita ya 0.1 inaanza kukata chini ya mizunguko 160. Hapo ngoma yote imebaki mlangoni. Weka 1, inakata chini ya 16. Mimi naweka 10 nalala.

#34 Tarumbeta

Mwaka mzima nimekuwa nawaambia watu volti 9 inakonda! Asante fundi, wikiendi hii nabadilisha.

#35 Kirombo Asilia

Kwa hiyo mama yangu alikuwa sahihi, redio zenu za harusi zinapiga makopo.

#36 Dada wa Njiro

Fundi, swali. Betri za rekoda zikikaribia kuisha, ule umeme wa 2.5 nao unashuka? Maana mwishoni mwa kipindi sauti yangu huwa kama inarudi nyuma.

#37 Fundi wa Mbuyuni

Haushuki. Ndani kuna kidhibiti, betri ikishuka chenyewe kinashikilia palepale mpaka rekoda izimike.

#38 Msikiza Ndege

Kwenye ya kwangu ya zamani ulishuka fundi, nilipima. Sio sana, ila ulishuka. Nadhani inategemea rekoda. Na ukitumia za kuchaji, ambazo ni volti 1.2, hakikisha kwenye menyu umechagua aina hiyo, la sivyo kipimo cha betri kinakudanganya inazima katikati ya kazi.

Au dada, mwishoni mwa kipindi ni wewe unaegemea kiti.

#39 Dada wa Njiro

Hilo nalo linawezekana. Nitajirekodi video.

#40 Kijukuu wa Machame

Nimefanya alivyosema Msikiza Ndege. Betri ya kitufe nimeitoa, swichi upande wa simu, umeme wa rekoda umewashwa, adapta ipo. Nimeazima multimita kwa jirani.

Ncha na shina bila maiki: volti 2.4. Nikiwa nimechomeka maiki, 1.7. Halafu jirani akanionyesha kupima mkondo kwa kuunga ncha na shina kupitia multimita yenyewe: miliampia 1.1. Sijui inasaidia nini, naziweka hapa.

#41 Fundi wa Mbuyuni

Jirani yako ni mtu wa maana. Gawa 2.4 kwa 0.0011, unapata karibu 2,200. Hiyo ndiyo rezista iliyo ndani ya rekoda yako. Na imeshuka volti 0.7 ukiweka maiki, gawa kwa 2,200, maiki yako inavuta miliampia 0.3 na ushee. Kila kitu kiko sawa kabisa, rekoda yako ina uwezo. Muuzaji mwambie nimesema.

Kicheko kikoje sasa?

#42 Kijukuu wa Machame

Hapo ndipo penye shida fundi. Nimejaribu hapa nyumbani na mke wangu, yeye akicheka nyumba nzima inajua. Haikupasuka hata kidogo. Nikarudisha betri ya kitufe na kuzima umeme wa rekoda, akacheka tena. Haikupasuka pia. Geini ile ile niliyotumia kwa babu.

#43 Tarumbeta

Na hiyo 1.5 pia haikupasuka? Basi hapo sielewi.

#44 Volti48

Vyote viwili kwa pamoja je? Kama Jumapili?

#45 Kijukuu wa Machame

Nimejaribu. Imepasuka mara moja, kidogo, halafu ya pili haikupasuka.

#46 Mpiga Picha wa Sakina

Mkuu, kwa babu maiki uliibana wapi?

#47 Kijukuu wa Machame

Kwenye kola ya koti lake la sufu. Anakaa ameinama mbele, mikono kwenye fimbo.

#48 Mpiga Picha wa Sakina

Kidevu chake kinaigusa?

#49 Kijukuu wa Machame

Akicheka anainamisha kichwa kabisa. Ndiyo, mdomo unakuwa kama vidole vitatu kutoka kwenye maiki, au chini ya hapo.

#50 Mpiga Picha wa Sakina

Ibane kwenye kifungo cha tatu, shubiri moja chini ya kidevu. Na waya ufanyie kitanzi kimoja chini ya koti usivutike.

#51 Tarumbeta

Itasaidia, lakini -9 bapa upande mmoja bado haijaelezwa.

#52 Fundi wa Mbuyuni

Kijana, niwekee hapa sekunde tano za kicheko cha babu kama faili lilivyo, usilihariri. Na kile kikasha ukishuka mjini nipitishie nikifungue, nataka nione kama kina kapasita.

#53 Kijukuu wa Machame

Nashuka Jumamosi fundi. Jumapili napanda kwa babu na maiki nitaibana kifungo cha tatu, umeme wa rekoda peke yake, na simu naiacha kwenye pikipiki. Rekoda ya pili nitaiazima kwa rafiki yangu, niiweke mezani pembeni, maiki zake za juu ziwe akiba.

#54 Kirombo Asilia

Na ile habari ya wizi wa maji usiku, aliyekamatwa alikuwa wa wapi?

#55 Kijukuu wa Machame

Hapo ndipo babu alipocheka mpaka ikapasuka. Jina halisikiki.